Chaza wa Lamu na wa Mida ni ukoo mmoja? Naomba msaada wa maka (alama) za DNA

binti_manda: Salamu jamaa. Nafanya utafiti wa chaza, hawa wanaoshika kwenye mizizi ya mikoko huku Manda na wale wa miambani kule Mida Creek, nataka kujua kama ni ukoo mmoja manake kuna kina mama wanataka kufuga na mbegu itatoka upande wa pili. Nikaazima praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoshika pale pa kuanzia kunakili) za chaza wa Pasifiki, nikapiga PCR, yaani kunakili DNA, chaza 30 kila upande, kwenye jeli ambako DNA huonekana kama mistari nikapata mistari ya kuhesabu, kwengine tupu kabisa. Wiki tatu hizo. Nimekosea wapi?

maabara_malindi: Pole dadangu, mikono yako haina kosa, praima ndo si zake. Yule wa Pasifiki ni jenasi ya Crassostrea, huyu wetu ni Saccostrea, herufi za DNA pale praima inapotakiwa kushika zishabadilika. Na hiyo mistari michache usiiamini! Chaza ana nakala mbili za kila kipande cha DNA, ya baba na ya mama, moja ikikataa kushika utaona mstari mmoja uandike zinafanana, mwisho data yote itaonyesha wanazaliana ndugu kwa ndugu na si kweli. Tengeneza zako: DNA ya chaza wako isomwe, tafuta vipande vinavyojirudia CACACACA, idadi ya marudio ndo hutofautiana, kisha praima uzipange pembeni mwake.

mzee_wa_dau: Mwanangu mie sijui maabara ila chaza nimevunja tangu utotoni. Wa mwambani mnene, kingo zimekunjana kama meno. Wa mzizini bapa. Sie twawahesabu wawili.

maabara_malindi: Mzee kagusa penyewe. Shida ganda la chaza hufuata pale aliposhika, kwa hivyo soma kwanza COI, jeni ya kutambulisha aina, uhakikishe ni aina moja, la sivyo utalinganisha aina mbili ukidhani ni koo mbili. Halafu vitoto vyake huelea wiki mbili tatu hivi, mkondo wetu unaenda kaskazini lakini msimu wa kaskazi ule wa Somalia hushuka wakakutana huko kwenu, hapo ndo mimi ningetafuta mpaka.

binti_manda: Shukran sana, nawe mzee shikamoo. Nikate nyama ipi?

maabara_malindi: Msuli unaofunga ganda, kipande kama punje ya mchele, weka kwenye ethano ya asilimia 95 hapo hapo ufukweni. Tumbo usiguse, utasoma DNA ya alichokula.

binti_manda: Sawa. Bamvua likija nashuka Manda tena.