Tupeane uzoefu: Je, kazi zetu za kila siku zinahesabika kuwa mazoezi ya kupunguza uzito?

Mwalimu wa Chumbageni (mleta mada)

Ndugu wanajamvi, naomba wenye uzoefu wa kweli katika jambo hili wachangie, hata kama matokeo waliyopata hayakuwa mazuri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 46, na Januari ya mwaka jana nilikuwa na kilo 88 kwa urefu wa sentimita 160. Nilipokwenda kupima presha, muuguzi aliniuliza kama ninafanya mazoezi. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba mwanamke anayefua kwa mikono, anayefagia uwanja, anayepika na kusimama mbele ya watoto 90 hana haja ya mazoezi mengine. Hakubishana nami. Aliniuliza tu, "Kazi hizo umezianza lini, mwalimu?" Nikamwambia nimezifanya tangu nikiwa binti. Akaandika kwenye daftari langu, akanipa tarehe ya kurudi.

Swali lile lilinikosesha usingizi, kwa sababu jibu lake lilikuwa wazi: kilo 88 zile nilizipata huku nikifua na kufagia, wala si baada ya kuacha. Kazi ambayo mwili umeizoea kwa miaka 30 tayari imo ndani ya uzito ulio nao leo. Siwezi kuihesabu mara ya pili na kutarajia inipunguze.

Jumamosi iliyofuata nilifunga simu kwenye pindo la kanga kiunoni, ikiwa na programu ya kuhesabu hatua, nikaendelea na kazi zangu kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 10 jioni. Nilifagia uwanja, nikafua mabeseni matatu, nikapiga deki, nikapika wali wa nazi na maharage. Kwa jinsi nilivyochoka, ningeapa kwamba nimefikisha hatua 10,000. Simu ilionyesha 3,140. Ni kweli kwamba simu haihesabu kazi ya mikono, lakini Jumamosi ya pili nilijichunguza kwa makini nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona maisha yangu yote: nazi naikuna nimekaa kwenye mbuzi, mchele naupeta nimekaa, mboga naikata nimekaa, na nguo nazifua nimekaa kwenye kigoda. Mikono na mgongo vinaumia, ilhali mapaja na makalio, ambayo ndiyo misuli mikubwa inayotumia nguvu nyingi, yamepumzika. Uchovu nilikuwa nao wa kweli kabisa, ila uchovu si kipimo cha nguvu iliyotumika.

Nilichoongeza ni kutembea. Shule iko kilomita 2.5 kutoka nyumbani, na kwa miaka mingi nilikuwa napanda bajaji. Nilianza kutembea asubuhi tu, kisha kwenda na kurudi, siku 5 kwa wiki. Kwa miezi 3 ya kwanza nilipungua kilo 1 na nusu, na nikavunjika moyo. Kisha nikapiga hesabu: kwa mtu wa uzito wangu, kilomita 5 za mwendo wa kawaida ni kama kalori 300, na chapati moja kubwa iliyokaangwa kwa mafuta mengi inakaribia kiasi hicho hicho. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, nami nilikuwa namimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Tangu nilipoanza kupima mafuta kwa kijiko na kupunguza sukari ya chai kutoka vijiko 3 hadi 1, huku nikiendelea kutembea, nimefika kilo 79. Imenichukua miezi 14.

Wenzangu, nyinyi mna uzoefu gani?

Dereva Mstaafu

Mwanangu mwalimu, nimeendesha daladala kwa miaka 22 jijini Dar es Salaam, na kwa miaka 9 kati ya hiyo nilikuwa na kondakta mmoja. Tulikula kwa mama ntilie mmoja, saa ileile, sahani ya ukubwa uleule. Mimi nilitoka kiuno cha inchi 32 nikafika 42, yeye akabaki mwembamba hadi tulipoachana. Nilikuwa nikiamini kwamba ni damu ya kwao tu. Binti yangu anayesomea afya ndiye aliyenisimulia kwamba mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jeremy Morris, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa siku nzima, makondakta walipanda na kushuka mamia ya ngazi kwa siku kukata tiketi, na ugonjwa wa moyo uliwapata makondakta kwa uchache kuliko madereva.

Hata hivyo binti yangu hakunificha upande wa pili. Miaka michache baadaye vilitazamwa vipimo vya sare, na viuno vya suruali za madereva vilikuwa vipana kuliko vya makondakta hata kwa vijana, kwa hiyo huenda baadhi yao waliingia kwenye usukani wakiwa tayari ni wanene. Ninachoweza kushuhudia ni changu. Tangu nistaafu ninafuga kuku 200, nawabebea maji na chakula, nasafisha banda, nashinda nimesimama. Katika mwaka wa kwanza nilipungua kilo 6 bila kukusudia, kwa sababu kwangu hiyo ilikuwa kazi mpya kabisa. Mwaka wa pili sikupungua hata nusu kilo, ingawa kuku ni walewale na kazi ni ileile.

Mama Lishe, Morogoro

Dada mwalimu, nilipoanza kusoma maneno yako nilikasirika, nikidhani unatudharau sisi tunaoshinda kwa miguu. Naamka saa 10 alfajiri, nasimama mpaka saa 11 jioni, na bado nilikuwa na kilo 97. Watu waliniambia nifanye mazoezi nikajiuliza, mazoezi gani zaidi ya haya?

Mdogo wangu alinishauri jambo moja ambalo nalitoa hapa kwa kila mtu anayepika. Alisema, kwa siku moja, kila kitu unachotaka kuonja, kitie kwanza kwenye bakuli kiasi kilekile, kisha ndipo uonje. Nikaweka bakuli la plastiki pembeni ya jiko. Mchuzi wa upawa mmoja kuangalia chumvi, kipande cha chapati iliyoungua ambayo siwezi kumuuzia mteja, ukoko wa wali, vitumbua viwili vilivyovunjika, nyama moja kujua kama imeiva. Ilipofika saa 8 mchana bakuli lilikuwa limejaa pomoni, chakula cha mtu mzima kamili, na bado nilikuwa sijakaa kula chakula changu cha mchana. Nilisimama nikalitazama bakuli lile, nikatokwa na machozi, kwa sababu nilikuwa nimeapa mbele ya watoto wangu kwamba mama yao hali kitu.

Sasa nina kilo 89. Kazi haikuongezeka wala haikupungua. Nilichobadilisha ni kuonja kwa kijiko kidogo, na vilivyoungua nampa jirani anayefuga nguruwe.

Afisa Lishe

Naomba niongeze maelezo machache, kwa kuwa simulizi ya mama lishe inagusa utafiti uliofanyika hapahapa nchini. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo walivyowafanyia Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Waliwapa maji maalumu ambayo atomi zake hufuatiliwa kwenye mkojo ili kujua mwili umetumia nguvu kiasi gani kwa siku. Wahadzabe hutembea kilomita nyingi kila siku, na kila mtu angetegemea watumie nguvu nyingi kuliko mtu wa mjini. Lakini ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, jumla ya kalori zao kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Maelezo anayoyatoa Pontzer ni kwamba mwili unaozoea kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Wataalamu wanaendelea kujadiliana ni kwa kiasi gani, ila nadhani dereva wetu amelieleza jambo hilohilo kwa kuku wake.

Upande wa pili upo utafiti wa James Levine wa Mayo Clinic, Marekani, wa mwaka 1999. Watu 16 wasio wanene walilishwa kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki 8, bila kuongezewa mazoezi. Wapo walioongezeka zaidi ya kilo 4 za mafuta, na wapo ambao hawakufikisha hata nusu kilo. Tofauti kubwa ilitokana na shughuli ndogondogo: kusimama, kujigeuzageuza, kutembeatembea. Kwa hiyo shughuli nyepesi ni muhimu sana katika kuuzuia uzito usipande. Kuushusha uzito uliokwisha kupanda ni kazi ngumu zaidi, na hapo chakula ndicho kinachobeba mzigo mkubwa.

Kuhusu afya kwa jumla, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya kiasi, na liliondoa sharti la zamani kwamba kila kipindi kifikie dakika 10. Dakika 4 za kupanda mlima na jerikeni ya maji zinahesabika. Njia rahisi ya kutambua shughuli ya kiasi ni kwamba unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Mkifagia huku mnaimba taarabu hadi ubeti wa mwisho, hiyo ni shughuli nyepesi. Endeleeni nayo, ila msiiingize kwenye dakika 150.

Mzaliwa wa Unguja, Muscat

Assalaam alaykum. Mimi nina uzoefu wa kinyume. Nilipokuwa Unguja sikuwahi kufikiria mazoezi. Tulikaa ghorofa ya tatu, nikienda Darajani sokoni kwa miguu, nikirudi na kikapu, na nikisahau bizari nashuka tena. Nilipohamia Muscat mwaka 2019 kila safari ikawa ya gari, maana wakati wa kiangazi joto linapita nyuzi 40 na mchana huwezi kutembea nje. Chakula chetu hakikubadilika sana, ni wali na samaki uleule. Katika miaka 2 nilitoka kilo 63 hadi 74. Zile ngazi nilizokuwa nikizilalamikia kila siku ndizo zilizokuwa zikinishikilia, nami sikujua.

Sasa baada ya sala ya magharibi natembea na mume wangu kandokando ya bahari Mutrah. Nimepungua kilo 4, na 7 zilizobaki zimegoma.

Kijana wa Ubungo

Shikamooni wakubwa. Mimi nilitembea hatua 10,000 kila siku kwa miezi 2 na nikaongezeka kilo 2. Kila jioni nilipofikisha hesabu nilijiona nimestahili chipsi mayai na soda. Soda moja ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 au zaidi, karibu kalori 150, na chipsi mayai sina haja ya kuzieleza. Baadaye nilisoma kwamba namba 10,000 ilipata umaarufu kutokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilimaanisha "kipima hatua 10,000", na haikutoka maabara. Sijaacha kutembea. Nimeacha kujilipa.

Mwalimu wa Chumbageni (mleta mada)

Nawashukuru sana, na shikamoo mzee wangu dereva. Dada yangu wa Morogoro, samahani kama maneno yangu yalikuumiza. Jumapili nilijaribu bakuli lako. Langu halikujaa, ila nilikuta ndani yake vipande vinne vya mkate ambavyo watoto waliviacha na mimi nikavimaliza nikiwa natoa vyombo, na sikukumbuka hata kimoja.

Jana nilirudi kwa muuguzi wangu. Presha imeshuka, na ameniambia niendelee na dawa mpaka daktari aseme vingine, jambo ambalo nawaomba wenye presha wenzangu walizingatie kabla ya kujiamulia. Nilimweleza kwamba uzito umesimama kwenye 79 kwa wiki 7 sasa na safari ya shule mwili umeshaizoea. Akaniuliza njia ile ina mlima wowote. Ninao mmoja, wa kupitia barabara ya nyuma, na unaongeza dakika 12. Kesho nauanza. Je, kuna aliyepandisha mlima kwa magoti yenye maumivu akiwa na umri kama wangu, na alianza vipi?