Tupeane uzoefu: kigari cha mtoto cha kukunja, wewe ulichaguaje?

MamaZuu (Tabata)
Wapendwa, habari za jioni. Natafuta kigari cha kukunja kwa ajili ya binti yangu wa miezi saba. Mbeleko siiachi, ila mgongo unanisumbua na mtoto anazidi kuwa mzito. Nakaa ghorofa ya tatu, hakuna lifti. Usafiri wangu ni daladala, na njia ya kwenda kwa mama yangu ni mchanga mtupu. Nimepita Kariakoo, kila muuzaji anasifia cha kwake, kwa hiyo naomba kusikia kwa mliotumia. Mlikuwa mnakwenda nacho wapi, kilikufaa wapi, kilikwama wapi? Mtaje na mnapoishi, maana kinachofaa Masaki huenda kisifae Mbagala.

Mama Pendo (Ubungo)
Dada, hongera kwa binti. Mimi nakwambia jambo moja tu kuhusu daladala: ukunje kwa mkono mmoja. Si mmoja na goti, si mmoja na msaada wa konda. Mkono mmoja, mtoto ukiwa umempakata kwa mkono wa pili. Cha kwanza nilichonunua kilikuwa na vifungio viwili, kimoja kila upande, na havikufunguka mpaka uvibonyeze kwa pamoja. Dukani nilikuwa na mume wangu, yeye akamshika mtoto, tukaona rahisi. Kituoni nipo peke yangu, mvua inanyesha, gari linataka kuondoka, mtoto nimweke wapi?

Cha sasa kina kitufe kimoja kwenye mpini na kinasimama chenyewe kikishakunjwa. Kwenye mabasi ya mwendokasi sikikunji kabisa kama si saa ya msongamano, kwa sababu jukwaa la kituo na sakafu ya basi viko usawa mmoja, unasukuma tu unaingia. Asubuhi na jioni nakunja na kumfunga mtoto mbeleko. Ukipata chenye mkanda wa kuning'inizia begani chukua, ngazi zako hizo utaniombea dua.

Fundi Temeke
Natengeneza baiskeli na viti vya magurudumu, na vigari vya watoto vinaletwa kila wiki. Niseme ninachokiona mezani.

Kukunja kuko kwa namna mbili kubwa. Kuna kinachokunjika kama mwavuli, kinabaki kirefu na chembamba. Namna hiyo aliibuni Mwingereza Owen Maclaren mwaka 1965. Alikuwa mhandisi wa ndege, alishashughulikia magurudumu ya kutua ya ndege ya kivita ya Spitfire, ndiyo maana alijua kutumia mabomba ya alumini, mepesi lakini yenye nguvu. Hiki unakisimamisha nyuma ya mlango, unakilaza chini ya kiti cha basi. Namna ya pili kinakunjika mara mbili au tatu kikawa kama sanduku. Yoyo, iliyobuniwa na kampuni ya Babyzen ya Ufaransa, kwa mfano, ina kilo 6 na kitu, na ikikunjwa ni sentimita 52 kwa 44 kwa 18. Hivyo vya mtindo huo vimeigwa sana, na vingi vilivyopo Kariakoo ni vya kuiga. Sisemi vibaya, wengine wameiga vizuri, ila kagua bawaba. Kikunjue, shika mpini, utikise kushoto na kulia. Kama fremu inacheza kabla hajakaa mtoto, usikinunue.

Sasa magurudumu, hapo ndipo wengi mnaponiletea. Magurudumu madogo ya plastiki ni ya sakafu, labda na lami nzuri. Kwenye mchanga yale ya mbele yanajizungusha na kuzama, unaishia kukiburuta kinyumenyume. Mama Zuu, kwa njia yako ya kwa mama hakuna kigari chepesi kitakachopita raha mustarehe, nakwambia ukweli. Tafuta angalau chenye magurudumu mapana ya raba, na kile kifungio cha kuzuia ya mbele yasizunguke. Ya upepo ndiyo bora zaidi kwenye njia mbaya, na yakiwa ya inchi 12 mpira wake ni sawa na wa baiskeli ya mtoto, unaupata kwa fundi yeyote. Lakini kigari cha namna hiyo ni kizito. Ghorofa ya tatu nacho, hapana.

Na usipake grisi kwenye ekseli, inashika mchanga na kuusaga. Futa, osha, kausha, basi.

MamaZuu
Fundi, ubarikiwe. Na vya mtumba je? Nimeona vizuri kuliko vipya.

Fundi Temeke
Mara nyingi ni imara kuliko vipya, ni kweli. Angalia haya: breki zote zishike ukiwa kwenye mteremko, mkanda uwe wa sehemu tano, yaani mabegani, kiunoni na katikati ya miguu, na kifungo chake kilie kikifunga. Plastiki iliyochujuka rangi kwa jua itapasuka, iache. Kuna na jambo la vidole. Novemba 2009 kampuni ya Maclaren iliviitisha vigari karibu milioni moja huko Marekani ili virekebishwe, kwa sababu bawaba za pembeni zilikata ncha za vidole vya watoto wakati wa kukunjua. Waliokuwa navyo walipewa vifuniko vya kitambaa vya kufunika bawaba. Ukikuta cha kabla ya mwaka huo, angalia kama vifuniko vipo. Na kwa kigari chochote, kipya au cha zamani, mtoto akae mbali unapokikunja na kukikunjua.

Mwanakombo (Likoni, Mombasa)
Hapa kwetu kivuko ndicho mtihani. Ile njia ya kuteremkia kwenye feri ina mteremko, na watu wanakusukuma kutoka nyuma. Mimi nilichagua kwa breki, hayo mengine yalikuja baadaye. Yangu inakanyagwa mara moja na inafunga magurudumu yote ya nyuma. Ya rafiki yangu ina breki mbili, kila gurudumu na yake, akiwa na haraka anafunga moja tu na kigari kinajigeuza ubavu. Kamba ya mkononi pia, hata kitambaa tu, ifunge kwenye mpini na uivae.

Shangazi wa Tanga
Msitundike mifuko ya sokoni kwenye mpini, wanangu. Ukimtoa mtoto, kigari kinaanguka nyuma na mizigo yote. Kama mtoto yumo na mizigo ni mizito, kinaanguka naye. Mzigo uwekwe kwenye kikapu cha chini.

Bint Unguja (Maskati)
Assalaam alaykum. Mie huku joto la Juni na Julai linapita nyuzi 40, basi nilichotazama kwanza ni paa. Liwe refu, lishuke mpaka magotini, na nyuma liwe na dirisha la wavu ili upepo upite. Nawaona kina mama wanafunika kigari kizima kwa kanga au shela ili mtoto alale. Jamani, tusifanye hivyo. Hewa haizunguki, ndani panageuka tanuri na wewe nje humwoni mtoto. Kitambaa cheusi nacho kinavuta jua, tafuta rangi isiyokolea. Na kabla ya kumfunga mkanda gusa vyuma kwa kiganja chako, vinaunguza kweli.

Baba Neema (Leeds)
Huku Uingereza basi lina nafasi moja ambayo ni ya kiti cha magurudumu kwanza, vigari vya watoto vinakaa pale kama haina mtu. Mwaka 2012 Doug Paulley, anayetumia kiti cha magurudumu, alikosa basi la kutoka Wetherby kuja Leeds kwa sababu mama mwenye kigari alisema hakikunjiki na mtoto amelala. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na Januari 2017 majaji wakasema haitoshi dereva kumwomba tu mwenye kigari apishe kisha akaacha. Sisi tuliisoma habari hiyo wakati mke wangu ni mjamzito, tukakubaliana kigari chetu kikunjike upesi, tumpishe mwenye haki yake bila kuombwa mara mbili. Tukaacha kile kikubwa cha kifahari tulichokuwa tunakitamani. Sijawahi kukitaka tena.

Ila mtoto mchanga asikalishwe kwenye hivi vyepesi vinavyokaa wima. Mpaka afike kama miezi sita na aweze kujishikilia, anatakiwa kulala chali. Kidevu kikiangukia kifuani, njia ya hewa inabanwa. Mama Zuu wewe umevuka hapo, ila hakikisha kiti kinalala kwa ajili ya usingizi.

Mama Eli (Mwanza)
Nimesoma yote nikasema na mimi niandike. Mwanangu ana miaka minne, ana mtindio wa ubongo, hajatembea. Kigari kwetu ndiyo miguu yake. Vingi vya kawaida vimetengenezwa kwa mtoto wa mpaka kilo 15, imeandikwa kwenye karatasi iliyoshonwa chini ya kiti au kwenye fremu, na Eli anakaribia hapo. Kipimo cha Ulaya cha siku hizi kina sehemu ya vigari vya mpaka kilo 22, mwenye mtoto mkubwa atafute hivyo.

Kitu kingine ambacho dukani hakuna atakayekwambia: kiti laini kinachobonyea kinampinda mgongo mtoto asiyejishikilia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinifundisha nianze na makalio yaguse nyuma kabisa, niweke ubao mwembamba chini ya godoro la kiti, kanga zilizoviringishwa ubavuni, na miguu iwe na pa kukanyaga isining'inie. Siku hiyo Eli aliinua kichwa na kutazama barabara. Nilikaa chini nikalia. Kiti chake maalumu tunakisubiri, lakini hata sasa anaenda sokoni na mimi, anajua wauza samaki kwa sauti zao.

Naomba tu, mkimwona mtoto mkubwa anasukumwa msimwambie mama yake "mshushe atembee".

Mwanakombo
Mama Eli, salimia Eli sana. Ahsante kwa hilo la ubao, nina jirani namwonyesha leo.

MamaZuu
Nimewasoma wote. Basi nimeamua: chepesi cha kukunjika kama sanduku, kitufe kimoja, mkanda wa begani, kiti kinacholala. Kwa mama njia ya mchanga nitaendelea na mbeleko, kigari nakiacha kwa jirani pale kituoni. Jumamosi nakwenda Kariakoo na Zuu mwenyewe nimembeba, nivijaribu hivyo hivyo.

Fundi Temeke
Sawa kabisa. Jaribu kukibeba kwenye ngazi za dukani, si kukishika tu. Na mwambie muuzaji akufungie kile kile ulichokichagua, usipewe kingine kwenye boksi.

Mama Pendo
Wahi kabla ya saa nne, dada. Baada ya hapo Kariakoo hupati hata pa kukikunjulia.