Madigadi ya alumini ya Land Rover ya zamani: nyundo na mfuko wa mchanga, gurudumu, au bati la chuma?

Mwenye gari, Kamalondo

Ndugu mafundi, ninafufua Land Rover Series II, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1958, na madigadi yake ya mbele imeliwa pale inapokutana na fremu. Nimefikiria njia tatu: kufinyanga bamba jipya la alumini kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga, kuunda mashine ya magurudumu mawili ya chuma yanayobana bamba katikati na kulipinda kidogo kidogo, au kuziba kwa bati la chuma, ambalo hapa Lubumbashi halisumbui kulipata. Kazi nataka kuifanya nyumbani. Ipi inafaa?

Fundi wa bodi, Katuba

Bati la chuma uliondoe kwanza. Chuma ni kizito karibu mara tatu ya alumini, lakini si uzito unaonitisha. Metali hizo mbili zikigusana, maji ya mvua yakakaa katikati, inayoliwa ni alumini; bila shaka ndivyo ilivyoharibika madigadi yako, na kiraka cha chuma kitaongeza mahali pengine pa kuharibika.

Mashine ya magurudumu ni nzuri kwa gari lenye bodi ya mviringo kila upande. Madigadi ya Series II ina sehemu pana zilizo bapa, zinazokunjwa tu kwenye ukingo wa ubao mgumu, na mviringo wenyewe uko begani na kwenye kona. Kwa kiasi hicho, mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga na gogo lililochongwa shimo vinatosha.

Kinachoamua zaidi ni bamba lenyewe. Usinunue aloi (alumini iliyochanganywa na metali nyingine) yenye namba 6061 iliyotiwa ugumu, kwa sababu hupasuka kwenye kona kali. Tafuta 3003 au 5052 iliyo laini, yenye unene wa milimita 1.2 hadi 1.6. Bati la kuezekea ni jembamba mno, na alumini chakavu inayomiminwa kuwa masufuria haivumilii nyundo.

Mpiga shaba, Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi)

Naunga mkono nyundo, lakini sisi tuliozoea kufinyanga shaba tunapaswa kujihadhari. Shaba huiva ikawa nyekundu, nawe ukajua kwamba imelainika. Alumini haikuonyeshi rangi yoyote: huyeyuka kwenye nyuzi 660 ikiwa bado ya kijivu. Kwa hiyo chora mistari ya sabuni ya kipande juu ya bamba, kisha upashe moto upande wa pili, ukihamisha mwali bila kusimama. Sabuni ikifikia rangi ya kahawia iliyokoza, karibu na nyeusi, ondoa moto mara moja. Bamba likianza kulia kwa sauti kali na kuirudisha nyundo, limekuwa gumu tena, na ni lazima ulilainishe kabla halijapasuka.

Hata hivyo, mzee wa Katuba, nakupinga kuhusu mashine. Mfuko wa mchanga huacha mabonde, na kuyasawazisha kwa nyundo laini juu ya chuma kilichong'arishwa ni kazi ya subira kubwa. Anayetaka kutengeneza madigadi zote mbili atafaidika na magurudumu katika hatua hiyo ya mwisho.

Mchomeleaji, Ruashi

Maungo nayo yasisahauliwe. Alumini ina utando juu yake unaoyeyuka zaidi ya nyuzi 2,000, ndiyo maana huyeyuka ndani kabla hujauona uso ukilegea. Mashine ya TIG (ya kuchomelea kwa sindano ya tungsteni) ya umeme wa AC, yaani unaobadili mwelekeo, pamoja na gesi ya argoni, huuvunja utando huo. Ukitumia oksijeni na asetilini utahitaji dawa maalumu ya kuchomelea alumini, na mabaki yake uyaoshe yote kwa maji ya moto, kwani yakibaki hula bamba.

Wakati wa kufunga, paka rangi pande zote mbili na uweke mpira kati ya alumini na fremu. Ribiti ziwe za alumini. Za shaba, hata kama mji wetu ni mji wa shaba, msizitumie kabisa: huila alumini haraka kuliko chuma kinavyoila.