Kozi ya ulemavu na ukoloni, itanisaidia darasani kweli?

Mwl_Tanga: Wakuu habarini, mi mwalimu wa elimu maalumu, nimepata kozi fupi ya ulemavu na historia ya ukoloni, ada najilipia. Ina faida au nadharia tupu?

Mjukuu: Nenda mwalimu! Babu yangu korona, ile mashine ya kusindika mkonge, ilimkata vidole vitatu shambani enzi za Mwingereza, akarudishwa kijijini bila fidia, watu wakasema karogwa. Ulemavu ule ulitokana na kazi ya mkoloni, mbona hatufundishwi?

MamaZai: Mi niliisoma. Shule ya wasioona Buigiri kule Dodoma waliianzisha wamisionari 1950, na ule utaratibu wa kumtoa mtoto kwao akalale bweni tumeurithi vilevile. Siku hizi kabla sijaandika ripoti naenda kwao, nakaa jikoni na bibi yake, naona mtoto anachambua mchele kwa vidole wala hakosei, shuleni tumeandika hawezi kitu!

Kibwana: Ila tusimtupie mkoloni kila kitu, kipofu, kiziwi, kiwete ni maneno yetu wenyewe, yanaanza na ki- kama kiti, kana kwamba mtu ni kitu.

Mwl_Tanga: Hiyo ya mchele imenigusa sana dada. Nalipa kesho.