Punyeto kwenye maandiko: Onani aliuawa kwa kosa gani hasa?

Mleta mada
Wadau, salaam. Kwenye semina nyingi za vijana mada ya punyeto hufungwa kwa Mwanzo 38: Onani alimwaga mbegu chini, Mungu akamuua, tusali. Lakini ukiisoma sura yenyewe, Onani alikuwa na mwanamke, hakuwa peke yake. Je, kuna aya yoyote ya Biblia inayolitaja tendo hili waziwazi? Kama haipo, makanisa yanayokataza yanasimama juu ya nini? Na ndugu zetu Waislamu, kwenu hukumu inatoka wapi? Tuwekeane aya, matusi tuyaache nje.

Fundi wa Aya
Mkuu, aya inayolitaja haipo, si Agano la Kale wala Jipya. Na si kwamba Biblia inaona haya: Walawi 18 na 20 zinataja shangazi, mkwe, mama wa kambo, hadi mnyama. Hili halimo.

Kwa Onani anza aya ya 6, usirukie ya 9. Yuda alimwoza mwanawe Eri kwa Tamari, Eri akafa bila mtoto. Onani, mdogo wake Eri, akatakiwa amwinulie marehemu uzao, maana yake mtoto angehesabiwa wa Eri na angesimama kwenye nafasi ya mzaliwa wa kwanza. Eri akibaki bila mrithi, anayefaidika ni Onani. Aya ya 9 inaitaja sababu yenyewe: alijua uzao hautakuwa wake. Basi akawa anamwingilia mjane na kumwaga nje makusudi. Anamtumia Tamari huku akimnyima kile alichopewa ampatie.

Wanaotetea tafsiri ya semina wana hoja moja nzito, wala si haki kuiruka. Kumbukumbu la Torati 25:5-10 inasema anayekataa kumrithi mjane wa nduguye avuliwe kiatu na kutemewa mate usoni. Haiuwi. Kwa hiyo, wanasema, kilichomuua Onani ni ule umwagaji. Mimi naona tofauti iko hapa: yule wa Kumbukumbu amekataa mbele ya wazee, kila mtu kajua. Onani alijifanya amekubali. Na hata tukiwapa hoja yao, kilichofanyika ni kumwaga nje wakati wa kujamiiana, kwa hiyo wa kwanza kuhukumiwa ni wanandoa wanaopanga uzazi kwa njia hiyo. Mkatoliki anakubali hilo bila kusita. Mchungaji anayeruhusu kondomu kwenye ndoa halafu anamchapa kijana kwa Onani, huyo anajikanyaga.

Aya iliyo karibu zaidi na swali lako watu hawaisomi: Walawi 15:16-17. Mwanamume akitokwa na shahawa, aoge mwili mzima, nguo au ngozi iliyoguswa ifuliwe, naye awe najisi hadi jioni. Basi. Haisemi zimetokaje. Linganisha na mwenye kisonono, aya ya 13-15 ya sura hiyohiyo: siku saba, kisha ya nane anapeleka hua wawili au makinda mawili ya njiwa kwa kuhani. Kwa shahawa hakuna sadaka yoyote. Tahadhari tu: unajisi wa ibada si sawa na dhambi, maana aya ya 18 inawapa mume na mke sharti lilelile. Kwa hiyo Walawi 15 haiharamishi na haihalalishi.

Makanisa mengi ya Kiprotestanti yakiwa makini yanajenga hoja kwenye Agano Jipya. Mathayo 5:28, kutazama kwa kutamani. 1 Wakorintho 6:12, kutotiwa chini ya uwezo wa kitu chochote. 1 Wathesalonike 4:4, kuuweza mwili katika utakatifu na heshima. Ukifuata njia hii, picha za ngono hazina pa kujitetea. Wanaporuka sarakasi ni kwenye tendo lisilo na tamaa ya mtu fulani, na hapo ndipo walimu wanagawanyika: wengine wanasema haliwezekani bila tamaa, wengine wanaliacha kwenye dhamiri ya mtu.

Mnara wa Kale
Mkimtoa Onani mnawafungulia vijana mlango. Mathayo 5:30 inasema mkono ukikukosesha ukate. Mkono gani huo kama si huu?

Fundi wa Aya
Ndugu, soma na 5:29, jicho nalo ling'olewe. Linaanza jicho kwa sababu mada ni kumtazama mwanamke kwa kumtamani. Tena kukataza kwa aya isiyohusika kuna hasara yake: kijana akija kuisoma mwenyewe, anatupa na zile zinazohusika.

Katekista
Upande wa Katoliki msingi si aya moja. Katekisimu, yaani kitabu rasmi cha mafundisho ya Kanisa, namba 2352 inasema kuwa punyeto kwa asili yake ni tendo lenye kasoro nzito, kwa sababu uwezo wa kijinsia unatumika nje ya ndoa na nje ya lengo lake. Wengi huishia hapo. Namba hiyohiyo inaendelea: kupima hatia ya mtu lazima uangalie ukomavu wa hisia, nguvu ya mazoea, wasiwasi na hali nyingine za kinafsi au kijamii, ambazo zinaweza kupunguza lawama sana.

Kwa vitendo: dhambi ya mauti inahitaji mambo matatu kwa pamoja, jambo zito, kujua kikamilifu, na kuridhia kwa hiari. Lililotokea usingizini halina hiari, si dhambi. Kwenye kitubio taja tendo na idadi kwa kadiri unavyokumbuka, usisimulie picha zilizokuwa kichwani. Mwenye dhamiri yenye wasiwasi, anayeungama jambo lilelile kwa mapadre watatu, achague mmoja na amtii.

Bin Saumu
Assalaam alaykum. Kwetu nako jina la tendo halimo kwenye Qur'ani. Imam Shafi'i, mwanzilishi wa mojawapo ya madhehebu manne ya sheria ya Sunni (mengine ni Maliki, Hanafi na Hanbali), alitoa hukumu kwenye Al-Mu'minun 23:5-7: waumini wanalinda tupu zao ila kwa wake zao au waliowamiliki (vijakazi), na anayetaka zaidi ya hayo amevuka mipaka. Ndiyo msimamo tulioukuta hapa pwani, na Maliki wako nasi: haramu. Hanafi wanakataza, ila anayehofia kutumbukia kwenye zinaa wanamtarajia asilaumiwe. Kwa Hanbali kuna riwaya ya ruhusa wakati wa dharura. Mwanazuoni Ibn Hazm alisema ni makruhu tu, yaani linachukiza lakini si haramu.

Hadithi sahihi ya kushika ni ya sahaba Ibn Mas'ud, iliyomo kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim: kijana mwenye uwezo aoe, asiyeweza afunge. Ile ya kumlaani "anayeuoa mkono wake" ni dhaifu, japo inasomwa sana mimbarini.

Mleta mada
Shukrani. Sheikh, akifanya mchana wa Ramadhani, kafara yake ni kufunga siku 60?

Bin Saumu
Hapana, kwa Shafi'i kafara ya siku 60 ni ya jimai, yaani kujamiiana. Aliyejitoa manii makusudi saumu imeharibika: anajizuia kula hadi magharibi, anatubu, analipa siku moja. Maliki ndio wanaoongeza kafara. Manii yakitoka ndotoni, saumu haifunguki. Aliyefanya usiku akapambazukiwa na janaba (hajaoga bado), saumu yake ni sahihi, aoge aswali Alfajiri.

Wengi wanachanganya madhii na manii. Madhii ni yale maji mepesi ya kunata ya wakati wa matamanio: osha tupu na nguo, tawadha, hakuna kuoga. Manii yanatoka kwa ladha na mrusho, yakifuatiwa na ulegevu: hapo josho ni wajibu, yaani nia na maji kufika mwili mzima, hadi kwenye mizizi ya nywele na ndani ya kitovu.