Chipu za gemu za zamani: kuzinakili ni kuokoa au kughushi?

Mleta mada: Wakuu, tujadili hili bila jazba. Juzi nilikuwa na bodi ya Galaga mezani, ile gemu ya mashine za sarafu ya 1981. Nikaivuta chipu maalumu ya Namco, kampuni iliyotengeneza gemu hiyo, ile 51xx, niisafishe. Ikatoka, ila miguu miwili ikabaki kwenye soketi, myeusi kama masizi. Chipu hiyo ndiyo inayopokea sarafu na kusoma kijiti cha mchezaji. Ikifa, hata Z80 zote tatu, yaani chipu kuu zinazoendesha gemu, ziwe nzima, huchezi. Kiwandani haitoki tena, na zinazouzwa zimeng'olewa kwenye bodi nyingine. Yaani unaponya moja kwa kuua nyingine.

Msimamo wangu: zinakiliwe, michoro iwe wazi kwa kila fundi, na juu yake iandikwe NAKALA. Ugomvi wangu ni na yule anayebandika nembo ya zamani kwenye chipu mpya kisha anauza bodi kama orijino.

Mchangiaji wa kwanza: Napinga. Ukishabadilisha chipu, hiyo si bodi ile tena. Halafu mtu anachukua CPLD, chipu tupu unayoipanga mwenyewe ifanye kazi unayotaka, ya volti 3.3, anaipachika kwenye bodi ya volti 5, anajaribu gemu moja dakika kumi, anatangaza "imekamilika". Nilifunga moja, bodi ilipopata joto picha zikaanza kurukaruka. Nikarudisha chipu ya zamani, zikatulia.

Mleta mada: Hilo la majaribio ya haraka haraka nakuunga mkono, tena limenikera hata mimi. Ila "si bodi ile" hapana, mkuu. Kwenye bodi za Pac-Man za Midway, kampuni iliyoitengeneza Marekani, utakuta vibao vidogo vimesheheni chipu za kawaida, vikifanya kazi ambayo kwingine inafanywa na chipu maalumu moja. Watengenezaji wenyewe walibadilisha, na hakuna aliyesema hiyo si Pac-Man.

Mchangiaji wa pili: Mnaruka sheria. Marekani sheria ya 1984 inalinda mchoro wa chipu miaka 10 tu, na inaruhusu kuichambua. Kwa chipu ya mantiki tupu, isiyo na programu ndani, sioni kesi. Lakini 51xx ni kompyuta ndogo ya biti 4, ndani ina programu. Hakimiliki ya programu haiishi kwa miaka 10. Ukiyeyusha ganda kwa asidi, ukasoma biti kwa hadubini na kuzimwaga kwenye chipu yako, umenakili kazi ya mtu.

Mleta mada: Hapo umenibana. Basi kwa zenye programu, mtu atazame chipu inapokea nini na kurudisha nini, aandike programu yake mwenyewe. Ni kazi ya miezi, na inahitaji chipu nzima ya kutazama. Ndiyo maana nasema tuanze sasa, kabla hazijaisha.

Mchangiaji wa kwanza: Na yako umeifanyaje?

Mleta mada: Nimekwangua ganda kidogo, nikaunga nyuzi mbili za waya mahali pa miguu. Inapokea sarafu. Siigusi tena.