Mafundi na wauza spea wa Dodoma: gasketi ya hedi ya turbo SIYO "zote moja"!

Wakuu, nawasalimu. Nimekuja na hasira, na naomba uzi huu usiunganishwe na zile za rejeta mbovu. Rejeta yangu ni nzima. Gari langu limechemshwa na watu wawili, muuza spea na fundi, wote wa hapa hapa mjini.

Nina Subaru Forester ya turbo, injini ya EJ20. Nilipoituni na kupandisha presha ya turbo hadi baa 1.2, nilimwambia fundi afungue hedi (kifuniko cha silinda), aweke gasketi, yaani viziba vya kati ya hedi na bloku, za chuma za tabaka nyingi na bolti mpya. Hela nikampa yote mkononi. Akaenda dukani, akafunga, akanikabidhi gari.

Wiki ya tatu napandisha Nyang'oro kwenda Iringa, mshale wa joto ukaruka. Nikilegeza mguu unashuka, nikikanyaga unapanda. Nikasimama, nikafungua boneti: tangi la akiba limefurika na maji yanatokota mapovu kama uji jikoni, ilhali chini hakuna hata tone. Wenye turbo mnaijua hiyo. Gesi ya silinda inapenya gasketi na kuingia kwenye njia ya maji.

Nikarudi Dodoma navutwa. Injini ikashushwa, maana hizi injini za boksa silinda zimelala, hedi ziko ubavuni, moja kila upande, na gasketi ni mbili. Nilikuwa nimesimama hapo hapo hedi ya kushoto inatoka. Nilichokiona ni bamba moja lililopakwa grafaiti, unaligusa vidole vinabaki vyeusi. Pete ya gasketi kwenye silinda ya nne imebonyea, na kutoka hapo mchirizi mwembamba mweusi umekwenda moja kwa moja hadi tundu la maji. Hiyo ni gasketi ya injini isiyo na turbo! Namuuliza fundi, ananijibu: "Bosi, hizi zote moja, matundu si yanakaa?"

Matundu kukaa ndiyo nini? Kila silinda ikiwaka, moto unataka kuinua hedi, na ukiongeza presha ya turbo unainua zaidi. Gasketi ya chuma ina migongo iliyobonyezwa kwenye tabaka zake, inafanya kazi kama springi, hedi ikicheza nayo inafuata. Ile ya grafaiti ikishabanwa imeshabanwa, hairudi.

Nikazunguka maduka mwenyewe. Moja wakanipa ya injini ya EJ25, ya silinda yenye kipenyo cha 99.5 mm, wakati yangu ni 92! Tundu la gasketi linatakiwa kuzidi silinda kidogo tu, 92.5 au 93. Likiwa dogo, ukingo unaingia kwenye moto, unawaka mwekundu na kulipua mchanganyiko kabla ya wakati. Duka jingine wananiambia nichukue nene "ndiyo inahimili turbo". Uongo! Unene unashusha mgandamizo tu. Nusu milimita kwenye silinda ya 92 ni ujazo wa cc 3.3 hivi, injini yenye mgandamizo wa 9 kwa 1 inashuka hadi kama 8.6. Tena pistoni inakaa mbali na hedi, mchanganyiko hauvurugiki vizuri, injini inaanza kugonga, yaani mchanganyiko unajilipukia wenyewe. Na kugonga ndiko kunakomaliza gasketi. Gasketi ya shaba nayo inazuia moto vizuri lakini maji yanavuja, hiyo waachieni wa mashindano.

Kilichoniuma kuliko vyote ni hedi zenyewe. Alizisafisha kwa msasa wa grinda! Nililaza rula ya chuma juu ya ile ya kushoto, nikapitisha fila geji (kibati cha kupimia mwanya) ya 0.10 mm katikati, ikapita bila kusukumwa. Kikomo ni kama 0.05. Juu ya uso wa namna hiyo hata gasketi nzuri kuliko zote ingevuja, kwa sababu gasketi ya chuma inataka uso laini kama kioo. Yaani hata angenunua nilichomwagiza, ningekwama Nyang'oro vile vile.

Mwenye duka anasema kitu kikishafungwa hakirudishwi. Fundi anataka hela ya kushusha injini mara ya pili. Silipi. Kosa ni lao na watalibeba wao.

Kama kuna anayemjua mtu wa mashine ya kufesi hedi (kuusawazisha uso wake), awe Dodoma au Morogoro, atakayenilazia rula mbele ya macho yangu kabla ya kunikabidhi, anielekeze. Hedi zote mbili nimezifunga kwenye blanketi, ziko chumbani kwangu.